Ndoo ya Taka ya Shangazi Ardis

Halvorsby, Minnesota
9 Oktoba 1988

Shangazi mpendwa,

Sasa hivi Solveig amepanda juu ya friji na chupa ya siagi ya karanga na kijiko, amevua viatu, na ametangaza kwamba hashuki mpaka Mungu aje kumteremsha mwenyewe. Nimemwambia Jumapili Mungu ana shughuli nyingi. Amesema atasubiri. Basi nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya mashine ya kufulia, jicho moja kwako na jingine kwake.

Shikamoo. Najua hiyo ndiyo ilitakiwa kutangulia. Nyonga yako inaendeleaje? Huku hatujambo. Duane wangu bado anaendesha lori la maziwa na bado anakoroma. Mama yake anakusalimu, anasema ukija uje na ile jemu ya beri, na kama huna jemu pia uje, lakini hakulisema hilo kwa nguvu.

Shangazi, neno lililonifanya nichukue kalamu ni mwalimu wa Solveig. Tangu aanze shule wamemkimbia walimu wawili. Wa kwanza alisema anaumwa mgongo, wa pili sasa anauza mazulia. Huyu mpya ni kijana, anaitwa Kettner, ana masikio makubwa, na ni mtu wa kwanza nje ya nyumba hii ambaye Solveig anamtaja kwenye sala za usiku. Akirusha vitu, yeye anakaa chini sakafuni, mbali kidogo, anangoja. Hapigi kelele. Siku moja nilipeleka koti lililosahauliwa nikawakuta wamekaa chini ya meza wote wawili, wanakula zabibu kavu, kama mabwana wawili kwenye baa.

Lakini juzi nilimkuta ndani ya gari lake, saa ya chakula cha mchana, analia huku anatafuna mkate. Uso ule naujua. Yule wa mazulia alikuwa nao kabla hajaondoka. Na mwalimu mkuu ameshaniambia: huyu naye akienda, Solveig atapelekwa ile shule ya mjini, ambako watoto wanalala hukohuko Jumatatu mpaka Ijumaa. Shangazi, ana miaka saba. Hapati usingizi mpaka ashike sikio langu.

Wewe umefundisha watoto wa namna hii maisha yako yote. Nifanye nini ili abaki? Nimpikie?

Mpwa wako,
Renae


Ziwani, kaskazini
20 Oktoba 1988

Renae, mwanangu,

Marahaba. Nyonga inaniambia theluji inakuja, na haijawahi kunidanganya, tofauti na mtu wa redio. Kigong'ota ametoboa ukuta wa choo cha nje. Nimemwacha, angalau mmoja wetu ana kazi. Jirani yangu Orville ameanza kurekebisha kibanda chake cha kuvulia samaki kwenye barafu ilhali barafu yenyewe haijaja. Mwambie mama mkwe wako jemu ipo, ila haisafiri bila mimi, na mimi sisafiri.

Usimpikie mwalimu kitu. Kila mzazi mwenye hofu humpelekea mwalimu biskuti. Nina hakika kabati lake limejaa. Niambie, darasa lake liko wapi? Nakisia: mwisho wa korido, karibu na chumba cha mtambo wa kupasha joto, ambako wenzake hawapiti. Wanakula mchana pamoja, wakisikia kishindo chumbani kwake wanatazamana, kisha wanaongea habari za hoki. Mwalimu kama huyo hashindwi na mtoto. Anashindwa na kukaa siku nzima bila mtu mzima wa kumwambia, "Hata mimi yalinikuta."

Kuna Chama cha walimu wa watoto wenye matatizo ya tabia. Jimbo letu lina tawi. Mwalimu mpya hupewa mkongwe wa kuzungumza naye kwa simu kila Jumapili. Mambo yakichacha, mkongwe anakuja kukaa naye darasani. Na kila Februari wanakutana. Ajiunge.

Kuhusu Chama, hayo yanatosha. Usiniulize zaidi.

Solveig akipanda juu ya kitu, usimwambie "shuka". Mpe kazi ya kufanya hukohuko juu. Mpe kitambaa afute vumbi.

Shangazi yako,
Ardis


Halvorsby
6 Novemba 1988

Shangazi mpendwa,

Amefuta juu ya friji mpaka rangi inang'aa! Akashuka mwenyewe, akadai kabati la vyombo. Akamaliza kabati, akaenda kwa Bi. Tollefson jirani, akamwambia, "Bibi, juu ya friji yako ni aibu." Bi. Tollefson alikasirika, kisha akapanda kiti akatazama, kisha akamwomba aingie.

Shikamoo tena. Sote wazima, isipokuwa Duane amebanwa kidole na mlango wa lori na anakibeba kama mtoto mchanga. Nimejiandikisha masomo ya jioni nimalize ile sekondari niliyoiacha nilipopata ujauzito wa Solveig. Usimwambie mtu bado, nisije nikashindwa hadharani.

Nilimweleza Mwalimu Kettner habari za Chama. Masikio yakamwiva mekundu. Akasema, "Mama Solveig, nikienda huko watajua siwezi." Nikamwambia mbona mimi nimeshajua na bado nampenda. Hapo masikio ndiyo yalizidi, ikabidi nifafanue. Amemwambia mwalimu mkuu atamalizia mpaka Krismasi. Baba mkwe wake ana duka la chambo za kuvulia samaki, atauza minyoo.

Minyoo, Shangazi.

Sasa nakuuliza ingawa ulinikataza. Mama mkwe anasema zamani wewe ndiye uliyekuwa mwenyekiti wa hicho Chama, na kwamba mwaka mmoja ulirudi kutoka mkutano wa Februari ukavua koti na hukukitaja tena. Kulitokea nini?

Solveig anakusalimu. Anauliza juu ya friji yako kukoje.

Renae


Ziwani
2 Desemba 1988

Mwanangu Renae,

Barua yako ilichelewa. Au ilifika mapema ikakaa mezani, sikumbuki vizuri. Theluji imefika madirishani. Kigong'ota amehamia ukuta wa gereji. Orville ameingia na buti zake majini mara ya kwanza msimu huu na nimemcheka vya kutosha. Masomo ya jioni ni jambo kubwa, nami sijamwambia mtu, ila Orville, na huyo hasikii.

Kuhusu lile swali lako, nimekwambia theluji imefika madirishani.

Anayewapangia walimu wapya wakongwe wao ni mwanamke mmoja wa St. Paul anaitwa Lucille Oberg. Ana sauti ya tarumbeta na nywele za kununua. Mpigie. Mwambie jambo lako moja kwa moja, usimung'unye maneno.

Usinitaje.

Ardis


Halvorsby
11 Desemba 1988

Shangazi,

Nilikutaja. Ndilo lilikuwa neno la kwanza kunitoka. Nilisema, "Hujambo, mimi ni mpwa wa Ardis Skogstad," na huyo mama akacheka mpaka akaweka simu chini, nikamsikia anamwita mumewe aje asikie. Aliporudi akasema, "Mpwa wa mwizi! Karibu, mwanangu, karibu!"

Sasa Shangazi, keti. Najua yote.

Najua kwamba kila Februari walimu wanakuja na kile kitu walichorushiwa mwaka huo: kiatu, kitabu, saa ya ukutani, mwaka mmoja sanduku la zeze zima. Wanavipanga kwenye meza yenye kitambaa cheupe kama cha harusi. Kila mmoja anasimama na kitu chake, anasimulia ilivyokuwa. Na sheria ni moja tu, huruhusiwi kusema kosa la mtoto. Unasema wewe ulifanya nini kabla kitu hakijaruka. Kosa lako wewe. Anayewachekesha wenzake kuliko wote anapewa ndoo ya taka ya bati, iliyobonyea ubavuni, akae nayo mwaka mzima.

Na najua kwamba mwaka ule ndoo alipewa Bi. Oberg, na asubuhi yake ndoo haikuwepo, na wewe pia hukuwepo. Tangu hapo wanatumia sufuria.

Shangazi! Ile ndoo ya kuni iliyo karibu na jiko lako! Iliyobonyea! Kiangazi kilichopita Solveig aliivaa kichwani ukamwambia kwa ukali, "Hiyo ivuliwe kwa heshima." Mimi nikadhani ni ya marehemu mume wako.

Nimecheka hadi Duane akaja na kidole chake kuuliza kuna nini. Halafu nikaacha kucheka, maana Bi. Oberg aliniambia jambo jingine. Hana mkongwe. Wote wa huku kusini wana walimu wawili wawili tayari. Akasema, "Aliyebaki ni mmoja tu, na ana ndoo yetu. Mwambie arudi nayo, tutamsamehe baada ya kumsema kidogo."

Krismasi ndiyo hiyo inaingia. Kwenye duka la chambo nimeona wameshamwekea aproni.

Nakuomba.

Renae


Ziwani
16 Desemba 1988

Renae,

Barua hii Orville anaipeleka posta sasa hivi, injini inanguruma, kwa hiyo hakuna habari za kigong'ota.

Sikuiba. Niliiondoa mahali isipostahili kukaa.

Kwa kuwa Lucille ameona vema kukusimulia nusu, mimi nitakupa nusu ya pili. Mwaka ule alisimama na mashine ya kubania karatasi aliyorushiwa. Alisimulia vizuri, hilo simnyimi. Lakini alipofika mwisho akasema, "Na kosa langu? Kosa langu ni kumpokea. Yule mtoto ni mbaya tu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Walimu, Renae. Watu waliokwenda pale kwa sababu kila mtu mwingine duniani alikuwa anasema hivyo hivyo. Wakapiga kura, wakampa ndoo. Mimi nilisimama nikasema sheria imevunjwa. Wakasema, "Ah, Ardis, keti, ni utani."

Ndoo ile si ya mtu anayemcheka mtoto. Basi. Inabeba kuni, na kuni hazijamlalamikia mtoto yeyote.

Mwambie huyo kijana anipigie Jumapili baada ya kanisa. Asijipange, asiombe radhi, aanze na siku iliyokuwa mbaya kuliko zote. Sitaki biskuti.

Ardis


Halvorsby
22 Januari 1989

Shangazi mpendwa sana,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya, na ningekuwa karibu ningekukumbatia mpaka nyonga ilie.

Amerudi! Likizo imekwisha, nikampeleka Solveig nikiwa nimejiandaa kukuta mlango umefungwa, na yeye huyu hapa, masikio yake yote mawili, ananing'iniza theluji za karatasi darini. Sijui mnaongea nini Jumapili. Nikimuuliza anasema tu, "Shangazi yako ana maneno makali," halafu anatabasamu kama mtu aliyekula keki. Mkewe ameniambia Jumapili iliyopita alicheka kwenye simu mpaka mbwa akabweka.

Solveig sasa ana cheo. Ndiye mlinzi wa mlango wa chumba cha mtambo. Akihisi hasira inapanda, ruhusa anayo, anatoka, anagusa ule mlango wenye joto kwa viganja vyote viwili, anarudi. Najua hilo ni lako. Wiki jana alimrushia mwalimu buti la theluji hata hivyo. Mwalimu amelihifadhi. Alikuja nyumbani kuniomba ruhusa alipeleke kwenye mkutano wa Februari. Nikamwita Solveig nikamuuliza. Akafikiri, akasema, "Apeleke. Lakini aseme ukweli. Alisema ningoje dakika moja tu, halafu akaongea na mwalimu mkuu muda mreeefu." Mwalimu akainamisha kichwa. "Ndivyo ilivyokuwa," akasema. "Kosa ni langu." Shangazi, ilibidi niende kukagua chungu jikoni, na jikoni hakukuwa na chungu.

Bi. Oberg amesema na mimi nije, nikae nyuma, kuna kahawa.

Lakini kikao cha kuamua mambo ya Solveig ni Machi, na mwalimu mkuu bado anaitaja ile shule ya mjini. Aliniambia hivi: "Mwalimu mmoja kijana hanitoshi. Nileteeni mkongwe wa kazi hii wa kukaa naye darasani mpaka shule zifungwe, ndipo mtoto atabaki hapa." Nikamwambia Bi. Oberg. Akasema, "Mwandikie unayemjua."

Basi nakuandikia. Chumba cha Solveig kina kitanda cha pili. Friji nimeifuta, yaani, imefutwa.

Renae


Ziwani
5 Februari 1989

Mwanangu,

Kijana anaendelea vizuri. Mwambie sikusema hivyo.

Barabara ni kioo. Nyonga ni mbovu. Jiko likizimika mabomba yataganda, na kigong'ota amekuwa kama mtu wa familia. Mimi ni mzee, Renae, nina vyombo vyangu na dirisha langu, na sina nia ya kukaa ukumbini kusemwa na Lucille Oberg mbele ya watu huku nakula bakuli la viazi na nyama ya kusaga aliloliunguza chini mwenyewe, maana huwa linaungua.

Ndoo nitaituma. Orville anakwenda St. Paul kumwona daktari wa masikio, ataipitisha hotelini. Wakishaipata watanisahau, na mtu mwingine atapatikana.

Hoteli ni ileile? Nauliza kwa ajili ya Orville.

Ardis


Halvorsby
7 Machi 1989

Shangazi yangu,

Shikamoo. Solveig yuko juu ya friji na kitambaa chake. Hakuna vumbi huko tena, lakini anasema kutoka pale anaona barabara yote, na anaipenda. Nje kunanyesha mvua ya barafu. Kikao ni kesho asubuhi. Nimepiga pasi gauni la kanisani, Duane amepiga pasi shati ambalo tayari lilikuwa limepigwa pasi. Naandika ili mikono ipate la kufanya. Barua hii hata haitakufikia kwa wakati.

Nikwambie ya mkutano, maana simu yako hupokei siku hizi. Orville alikuja. Mikono mitupu! Bi. Oberg akamfuata mpaka mlangoni, akampigia kelele kwenye lile sikio zuri, "Ndoo iko wapi?" Orville akasema, "Alinipa dirishani. Nikawasha gari. Akaninyang'anya tena." Ukumbi wote ulicheka. Mimi pia, Shangazi, samahani.

Mwalimu Kettner alisimama na buti. Alisimulia ile dakika moja yake, jinsi Solveig alivyomngoja na mkono juu, yeye akaendelea kuongea na mkuu habari za funguo za gereji, hadi buti likapita katikati yao kama ndege. "Nilimfundisha muhula mzima kwamba neno langu ni neno," akasema, "halafu nikamwonyesha kwamba si neno." Walimu watu wazima walicheka huku wanafuta macho. Wakaanza kupaza sauti, hata mimi, hata mimi! Wamempa ushindi. Wamempa sufuria. Ameniambia njiani kwamba ameshamjibu baba mkwe, minyoo itauzwa na mtu mwingine.

Lakini nilitaka kukwambia la Bi. Oberg. Kabla ya kura alipanda jukwaani bila kitu mkononi. Akasema, "Nina deni la zamani hapa. Mwaka wa mashine ya kubania karatasi, nilisema mtoto ni mbaya. Ukweli ni kwamba kichwa kiliniuma nikamnyima mapumziko, mchana kutwa. Alikuwa ananiomba maji. Mtu mmoja humu alisimama kunisahihisha na sisi sote tukamwambia keti." Kisha akasema, "Alikuwa sahihi. Ila angerudisha ndoo basi, jamani, sufuria ni la mama yangu!"

Shangazi, najua nyonga. Najua barabara. Sikulaumu hata kidogo, umemrudishia mtoto wangu mwalimu kwa simu tu, na kama kesho watasema anakwenda mjini, nitamfungia mkoba mwenyewe na nitamwambia ni safari nzuri. Nimejizoeza mbele ya kioo. Nikifika kwenye neno "Ijumaa" sauti inakatika, lakini mpaka kesho nitakuwa nimeweza. Usiku ameshika sikio langu akaniuliza, "Huko nani ana masikio?" Nikasema nitaulizia.

Bado nina tumaini, sijui nimelitoa wapi. Pengine ni kwa sababu jana Bi. Oberg alipiga simu kuuliza tu, eti, mtoto anapenda jemu ya beri, na nilipomuuliza kwa nini akakata simu huku anacheka. Sasa mimi nawaza, huyu mama wa St. Paul jemu ya beri kaijulia wapi, kama si kwamba nyinyi wawili mme

Ngoja, Shangazi, Solveig ananiita huko juu kwa sauti ya kuvunja vioo, anasema gari la Orville limesimama getini, na kuna bibi anashuka taratibu na fimbo, kwenye mvua hii, na kichwani amevaa ndoo ya bati iliyobonyea—